Kadi Inayorudi

Ngazi alikuwa amesahau mkate.

Fundi Miwani aligundua hivyo saa ya chai, akiwa amekaa kwenye kiti kirefu nyuma ya mashine ya kusagia vioo, kikombe mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto. Kwenye programu ya kadi, chini ya jina la utani la mchumba wake, neno la kwanza la siku lilikuwa *pane*. Mbele Kiitaliano, nyuma Kiswahili: mkate. Na pembeni yake doa jekundu. Sijui.

Alicheka kwanza. Mtu yuko ng'ambo mwaka wa pili sasa, mkate wao anaula asubuhi na jioni, atasemaje haujui? Kidole kimeteleza, alijisemea. Vidole vya fundi rangi ni vinene, havikuumbwa kwa ajili ya vioo vya simu. Akashuka hadi kadi ya pili. *Finestra*, dirisha: Sijui. *Acqua*, maji: Sijui. Kisha akaiona *scala*, na nyuma yake neno lile ambalo watu wote walimwitia kwa sababu ya urefu wake na kazi yake. Ngazi hakujua ngazi. Hapo chai ikampalia, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Kadi zile walizitengeneza pamoja, wawili hao, kwenye benchi la wateja hapo hapo dukani, siku za mwisho kabla hajasafiri. Zilizokuwepo tayari hazikuwa na Kiswahili, basi wakaanza moja moja, neno kwa neno, yeye akiandika na Ngazi akiharibu. Walijiunga darasa la watu wawili, ili kila mmoja aone mwenzake kasoma nini leo. Sharti la programu lilikuwa jepesi. Ukibonyeza Najua, kadi inakwenda zake, inakaa siku nyingi bila kuonekana. Ukibonyeza Sijui, kesho ndiyo ya kwanza kukubishia hodi.

"Basi afadhali mtu asijulikane," Ngazi alikuwa amesema siku ile, akimtazama kwa yale macho yake ya uchokozi. "Anayejulikana anasahauliwa kabatini. Asiyejulikana ndiye anayetembelewa kila siku."

"Wewe nakujua mpaka kucha, na bado unanitembelea kila siku."

"Mimi sina haya, Mama Vioo. Kadi zina haya."

Hivyo ndivyo alivyomwita. Mama Vioo. Kila ujumbe wake ulianza na kejeli: Mama Vioo, leo umempofusha nani? Lakini tangu wiki kadhaa nyuma, kejeli ilikuwa imekauka. Sauti haikusikika tena. Simu, aliambiwa, ina hitilafu ya spika. Zilibaki meseji, na meseji zenyewe zilikuwa na adabu ya kutisha. *Mpenzi wangu, niko salama. Kazi ni nyingi. Usiwe na wasiwasi.* Ngazi hajawahi kumwita mpenzi wangu tangu aanze kumpenda. Fundi Miwani alizisoma meseji hizo kama mtu anayesalimiwa kwa jina lake na sauti asiyoijua.

Zile kadi ndizo zilizokuwa zimempa moyo. Kwa muda zilikuwa zimenyamaza, halafu leo zimeamka, na zimeamka zikiwa hazijui kitu.

Mtu aliyefika huko hawezi kusahau mkate. Basi aliyeshika ile simu si Ngazi. Wazo hilo likamwingia na kukaa.

Nyumbani jioni, alimkuta Mama sebuleni akichagua mchele kwa kupapasa, miwani yake ya zamani imefungwa utepe katikati. Kioo kimoja kilikuwa kimepasuka tangu juzi na fremu mpya ilikuwa bado haijafika dukani.

"Nani huyo?" Mama aliuliza.

"Mimi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia hatua, uso sioni. Mwenzio wa dukani kaniambia jana nilikupita pale kona bila kukusalimu."

"Ulinipita, Mama. Nikakupungia mkono, ukanitazama usoni, ukaenda zako."

"Niliona kitu cha buluu tu. Nikadhani ni mlango." Mama akacheka, kisha akaacha kucheka. Aliweka sinia chini. "Kaa. Watu wa mfamasia wanakuja Jumapili. Wanataka neno."

Mfamasia alikuwa mwenye duka la dawa lililopakana na duka la miwani. Mtu mpole, nadhifu, mwenye subira ya kutosha kuhesabu vidonge. Hakuwa na kosa lolote zaidi ya kwamba hakuwa Ngazi.

"Nina mchumba, Mama."

"Una simu. Mchumba yuko wapi? Mara ya mwisho kuisikia sauti yake ni lini? Niliwaambia toka mwanzo, mtu anayeishi juu ya ngazi hana pa kumweka mke. Mkanicheka. Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu."

Fundi Miwani hakutaka kusema, lakini jambo lile lilikuwa limemlemea siku nzima. Akamweleza Mama habari ya kadi. Mama alisikiliza huku vidole vikiendelea kuokota mawe kwenye mchele, na alipomaliza kusikiliza hakushangaa hata kidogo, na kutoshangaa huko ndiko kulikomuumiza binti zaidi.

"Ni mwanamke," Mama alisema.

"Mwanamke wa huko atashindwa kujua mkate?"

"Nani kasema wa huko? Mgeni kama yeye. Kafika majuzi, hajui maji yanaitwaje, wanakaa nyumba moja, jioni anapewa simu ajifunze. Na kadi ziko tayari, umezitengeneza wewe kwa mikono yako. Umemwandalia mwenzio daftari la shule."

Fundi Miwani aliinuka akaenda chumbani kwake, kwa sababu hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa amewaza yeye mwenyewe tangu saa ya chai, isipokuwa tu hakuwa na ujasiri wa kulitamka.

Akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akatengeneza kadi mpya. Mbele hakuandika neno, aliweka picha. Ilikuwa ile aliyopigwa na Ngazi mwenyewe mlangoni pa duka, amevaa miwani ya mauzo yenye bei yake bado inaning'inia sikioni, akicheka. Picha hiyo Ngazi aliipenda kuliko zote. Kisha akaigeuza kadi, na nyuma, mahali pa jibu, akaandika kwa hasira za mtu aliyeibiwa: *Huyu ndiye mwenye mume. Wewe ni nani?*

Asubuhi yake, jibu lilikuwa limefika. Doa jekundu.

Sijui.

Alilitazama doa lile mpaka likatanda kama damu kwenye maji. Basi huyo mwanamke alikuwa ameuona uso wake, ameugeuza, amesoma, na amebonyeza bila hata kuona aibu. Fundi Miwani aliomba ruhusa kwa mwenye duka. Akaivua pete, akaifunga ndani ya kitambaa laini cha kufutia vioo, akaenda moja kwa moja saluni kwa wifi yake.

Dada yake Ngazi alikuwa msusi mwenye sifa, na mdomo wake ulikuwa na sifa kuliko mikono. Saluni yake haikosi kicheko. Siku hiyo kulikuwa kimya. Mteja mmoja alikuwa chini ya mashine ya kukaushia, amesinzia, na msusi alikuwa amesimama dirishani na kitana mkononi, hasuki wala hatazami nje.

"Wifi!" alishtuka. "Karibu. Mbona saa hizi? Umefunga duka?"

"Sikai." Fundi Miwani aliweka kitambaa juu ya meza, kati ya chanuo na makopo ya mafuta. "Mpelekee kaka yako mali yake. Mwambie nimemwachia nafasi, asome na mwenzake kwa raha."

"Mwenzake nani?"

"Wifi, usinifanye mtoto. Anayeishika simu yake. Asiyejua mkate."

Msusi alifungua kitambaa, akaiona pete, akakifunga tena haraka kama aliyeona kitu cha uchi. "Nani kakwambia habari za mkate?"

Hakuuliza mkate gani. Fundi Miwani alilisikia hilo.

"Unajua," alisema polepole. "Wewe unajua."

"Sijui kitu. Rudi kazini, tutaongea Jumapili."

"Jumapili watu wa mfamasia wanakuja kwetu. Ukinyamaza leo, nitawaambia ndiyo. Naapa, wifi. Niangalie usoni kama natania."

Msusi alimwangalia. Yale yalikuwa macho ya Ngazi, yale yale, ila haya yalikuwa mekundu na yamevimba. Kitana kikamdondoka. Aliketi kwenye kiti cha wateja mbele ya kioo kikubwa, na akaanza kulia kwa namna ya mtu aliyekwisha kulia sana peke yake, bila sauti, mabega tu.

"Hakuna mwanamke," alisema. "Ingekuwa mwanamke ningeshukuru. Ameanguka."

"Ameanguka wapi?"

"Jukwaani. Walikuwa wanapaka ukuta wa nje, ghorofa ya pili. Mwili umepona, mkono tu umebaki na kasoro. Kichwa ndicho." Akajigusa kipaji cha uso. "Maneno yalimtoka yote. Alipoamka alikuwa anatutazama kwenye simu kama anatazama watu wa jirani. Kiswahili kimerudi nusu nusu, kusoma anasoma kidogo, kusema ni taabu. Kiitaliano kimefutika kabisa. Daktari akasema apewe mazoezi ya maneno, yale mepesi mepesi. Ndipo mwenzake wa chumbani akakumbuka kuna kadi ndani ya simu. Anaanza upya, wifi. Anaanza na mkate."

Mashine ya kukaushia nywele ilivuma. Mteja aliguna usingizini.

"Na meseji?"

"Anaandika huyo mwenzake. Mimi ndiye niliyemwomba."

"Adabu yote ile ya bure," Fundi Miwani alisema, na akashangaa kuisikia sauti yake ikitaka kucheka. Kisha kicheko kikageuka. "Kwa nini? Mimi si mtu? Mmekaa na maradhi yake kama mali ya familia, mimi nasaga vioo na kuimba!"

"Tungekwambia, mama yako angekuoza kesho yake! Tulisema apate nafuu kwanza. Akujue kwanza."

Msusi alitamka neno hilo la mwisho na papo hapo akatamani alirudishe. Walitazamana kwenye kioo.

"Hanijui," Fundi Miwani alisema.

"Anakujua. Atakujua. Mimi mwenyewe mwanzo hakunijua, sasa ananiita dada."

"Anakuita dada kwa sababu amekumbuka, au kwa sababu mmemwambia wewe ni dada?"

Msusi alijipangusa uso kwa kitambaa kilekile chenye pete ndani yake, bila kujua, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Alikuwa anaendelea vizuri. Kila siku maneno mawili matatu. Lakini leo asubuhi mwenzake kanipigia. Hataki kula. Ameshika simu tu, anarudia maneno mamoja, na anaporudia anatetemeka. *Wewe ni nani. Wewe ni nani.* Hatujui kayatoa wapi."



Fundi Miwani aliona yote kwa pamoja: kitanda cha mgonjwa, yule mtu mrefu aliyekunja miguu ili atoshe, mkono mbovu ukiishika simu. Anauona uso unaocheka. Anahisi, labda, kwamba uso huu una jambo lake. Anaugeuza kutafuta jibu, kwa maana ndivyo alivyofundishwa, kwamba jibu liko nyuma. Na nyuma anamkuta mtu anamfokea swali lile lile ambalo ndilo ugonjwa wake.

"Ni mimi," alisema.

"Nini?"

"Nimeyaandika mimi."

Aliitoa simu. Vidole vyake, vinavyoweza kukata kioo kidogo kama ukucha, vilikosea neno la siri na kukosea tena. Programu ikafunguka, mtandao ukasuasua, kile kiduara kikazunguka na kuzunguka. Msusi alikuwa ameinuka, amesoma juu ya bega lake, na amejishika mdomo.

"Futa. Futa, wifi, kabla hajaigeuza tena!"

"Nafuta, nafuta!"

Alifuta maneno. Mahali pa jibu pakabaki peupe. Sasa aandike nini? Mimi ni mchumba wako? Atakariri, atabonyeza Najua, na kadi itaondoka, naye asiwe amekumbuka chochote. Kumbe hata kujulikana kwenyewe kungeweza kuwa uongo. Alisimama na simu, machozi yakidondoka juu ya kioo, akiyapangusa kwa kiganja, mpaka ule uchokozi wa zamani wa Ngazi ukamjia masikioni. Akaandika: *Huyu ni wako. Kama humkumbuki, bonyeza Sijui. Atarudi kesho.*

Kisha akachukua kitambaa mezani, akakifungua na kuvaa pete yake.

"Wifi," msusi alisema, "daktari hakuahidi. Nisikufiche tena. Amesema wengine hubaki hivyo hivyo."

"Nimesikia."

Jumamosi, fremu ya Mama ilifika. Mama alikuja dukani mwenyewe, ameshikilia ukuta, utepe puani, na alipoketi kwenye benchi hakuanza na miwani.

"Msusi kanipitia nyumbani. Amenieleza." Alitafuta mkono wa bintiye akaupata. "Namhurumia, Mungu anajua. Nimemwombea. Lakini huruma si ndoa. Kesho wageni wanakuja, nami nina neno gani?"

"Ngoja nimalize kioo hiki, Mama."

Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye boksi la skrubu. Kwenye darasa la watu wawili, kitone cha kijani kiliwaka kando ya jina la Ngazi: yupo. Fundi Miwani aliacha mashine. *Pane* ikaja: Najua. Pumzi zikamtoka. *Finestra*: Najua. *Scala* ilichukua muda, kitone kikasubiri, kisha: Najua. Ngazi alikuwa amekumbuka ngazi.

Halafu ikaja picha.

Kitone kilitulia. Hakubonyeza kitu. Mteja aliingia, akauliza bei ya mikoba ya miwani, akajibiwa na mwenye duka, akatoka, na kitone kilikuwa bado pale pale. Alikuwa anamtazama. Huko aliko, kwenye chumba asichokijua mtu wa hapa, Ngazi alikuwa amekaa ana kwa ana na uso wake. Fundi Miwani, pasipo kufikiri, alinyoosha mgongo na kujiweka sawa nywele, kama kwamba angeonekana. Alimtamani mpaka mbavu zikamuuma.

"Kuna nini?" Mama aliuliza. "Mbona umenyamaza?"

"Yuko hapa."

Kadi ikageuzwa. Ikageuzwa tena. Na tena. Ndipo doa likatokea, jekundu.

"Kasemaje?"

"Amesema hanijui, Mama."

Mama alivuta pumzi. Hakufurahi, alikuwa mama, si adui. "Basi, mwanangu. Amekwambia mwenyewe. Unataka nini tena? Mtu amekutazama usoni na kukukataa."

Fundi Miwani alifuta vioo vipya, akavipachika kwenye fremu, akakaza skrubu ya kwanza na ya pili. Alipiga magoti mbele ya benchi. "Siku ile pale kona," alisema, "ulinitazama usoni. Nikakupungia mkono, ukanipita. Ulikuwa umenikataa?"

"Unasema nini? Nilikuwa sioni!"

"Na mimi nilisema nini? Nilisema Mama hanitaki, nihame nyumba?"

"Si mambo mamoja hayo. Macho yana miwani. Kichwa kina miwani gani? Ukisubiri uzee ukakukuta? Ukizeeka unabisha hodi kwa mtu anayekuuliza wewe ni nani?"

Maneno hayo yalimchoma, kwa kuwa Mama hakujua kwamba mtu wa kwanza kuyaandika alikuwa bintiye. Jibu lake alikuwa amelitafuta usiku na mchana. Alichokuwa nacho ni kadi moja tu ambayo kesho ingekuwa ya kwanza kumbishia hodi mtu mmoja mgonjwa, na keshokutwa, na mtondo, hadi ama yeye ajulikane au achoke.

"Sijui, Mama," alisema. "Hilo nalo sijui."

Alimvua Mama ile miwani yenye utepe, akamvika mpya, akaikunja kidogo nyuma ya sikio ili isimbane. Mama alipepesa macho. Aliangalia ubao wa herufi ukutani, mlango, mwanga wa barabarani. Kisha akashusha macho kwa huyu aliyepiga magoti mbele yake, na akakaa akimtazama kwa muda.

"Umekonda," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Tangu lini umekonda hivi?"

Fundi Miwani alilaza kichwa magotini pa mama yake. Mkono wa Mama ukakaa juu ya nywele zake, mzito, hauna haraka.

"Nipe hiyo simu," Mama alisema hatimaye. "Niwapigie hao watu wasisumbuke kesho. Mimi ndiye niliyewaita, niwaambie mwenyewe."

Akaipokea simu, na kwa miwani yake mpya aliona kwanza kile kilichokuwa kwenye kioo: bintiye anacheka mlangoni pa duka, bei ikining'inia sikioni. Chini yake, doa jekundu. Na kando ya doa, kitone cha kijani, ambacho hakikuwa kimezimika.